Walivyoking'oa Kibaraza Changu

Ijumaa, kabla ya magharibi. Joto la kaskazi limekaa palepale tangu asubuhi na feni yangu inazunguka kwa kunihurumia tu. Dera limenishika mgongoni, chai ya tangawizi imepoa kikombeni, na mbele yangu pana barua ya ofisi. Nimeisoma mara nne. Kila nikiisoma napandwa na hasira, halafu nacheka. Kwa nini nacheka nitasema mwisho, maana nikianzia hapo sitamaliza leo.

Sikuja hapa kulalamika. Nimekuja kuandika kwamba sibonyezi.

Nieleze, kwa anayefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza. Mimi ni karani wa mapokezi katika kliniki ya macho hapa Mji wa Kale. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Anayepanda ngazi zetu, mtu wa kwanza kumwona ni mimi, kama bado anaona. Namwandikisha, nampangia siku yake, namtumia ujumbe kwenye simu, na siku ikifika namwita kwa jina. Si kazi ya kutajwa harusini, lakini naijua nje ndani.

Kwenye kompyuta yangu, chini kabisa ya skrini, kulikuwa na ule mstari wenye vitufe na saa ambao kila kompyuta inao. Wangu niliuita kibaraza, na kliniki nzima ikauita hivyo. Nyumba za huku zina baraza la mawe mbele ya mlango: unakaa, unaweka kikapu chako, unaona nani anakuja na nani anapita. Nami ndivyo nilivyokitumia kibaraza changu. Sikukikuta kikiwa hivyo. Nilikipanga mwenyewe, kitufe baada ya kitufe, nikisaidiwa na fundi wetu wa zamani, Bwana Salim, ambaye siku hizi amestaafu na anafuga kuku Likoni.

Kushoto niliweka wanaosubiri, majina yao na nambari zao za simu papo hapo, na aliyekaa zaidi ya saa nzima jina lake liligeuka manjano. Pembeni palikuwa na kitufe nilichokiita Wabishi. Hao ni wale ambao ukiwaambia dawa ni matone mawili wanatia matano, kwa hivyo hupigiwa simu mara mbili. Mmoja wao ni jamaa ya meneja wetu na simtaji. Kisha palikuwa na alama moja ndogo ya kijani niliyoipa jina Letu. Maana yake, kosa ni letu, si la mgonjwa. Daktari kachelewa, umeme umekatika, faili limepotea: nambonyezea mgonjwa Letu, naye anabaki palepale alipokuwa kwenye orodha. Kuna wiki niliitumia alama hiyo kuliko vitufe vingine vyote.

Halafu saa. Nilikuwa na saa mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ni ya madaktari, ile inayosema nane wakati wa kufungua na kumi wakati wa chai. Ya chini ni yetu. Bwana Salim alihangaika nayo wiki nzima, kwa sababu kompyuta haijui kwamba siku ya mtu wa hapa inaanza kuhesabiwa jua likichomoza. Ukiitaka saa ya pili inakuuliza tu, ya mji gani? Basi akakaa akapiga hesabu, akagundua kwamba kuna watu huko Brazili wako nyuma yetu kwa saa sita kamili. Akachagua mji wao, akafuta jina lake, akaandika Mombasa Kweli. Tulicheka mpaka mgonjwa mmoja akauliza kuna sherehe gani. Lakini tangu siku ile saa ilikuwa sahihi. Nikiandika ujumbe wa mgonjwa nilitazama ya chini, nikaandika saa tatu asubuhi, kwa maneno, na watu wakaja saa tatu asubuhi.

Wiki tatu zilizopita waliking'oa.

Meneja wetu, Bwana Mwakio, alituita akasema kliniki imepata programu mpya yenye sura mpya, rahisi, na kwamba kuanzia Jumatatu kila kompyuta itafanana na mwenziwe. Fundi wa sasa, Otieno, alikaa kwenye kiti changu kwa robo saa. Nilipokirudia kiti, skrini ilikuwa nyeupe kama chumba ambacho wapangaji wamehama. Picha nne kubwa: Sajili, Miadi, Foleni, Funga Siku. Basi. Juu yake maandishi: Tumeirahisisha kwa ajili yako.

Kwa ajili yangu mimi? Hakuna aliyeniuliza. Nikabonyeza upande wa kulia wa kipanya nikitafuta pa kuongeza kitu, pa kusogeza, hata pa kubadilisha rangi. Hakikufunguka kitu. Nambari za simu zimefichwa ndani, kurasa tatu kwa kila mgonjwa. Wabishi hawapo. Letu haipo. Mombasa Kweli haipo. Otieno ni mtu mpole na sina neno naye. Aliniambia vitu hivyo vimeondolewa kwa sababu watumiaji wengi hawavitumii. Nikamuuliza hao watumiaji wengi wanakaa mtaa gani, niende nikawasalimie. Akacheka. Mimi sikucheka.

Na niseme kweli, jambo moja lilinifurahisha. Programu ilikuwa kwa Kiswahili. Miaka yote hiyo kompyuta ilinisemesha Kiingereza, na siku ile ikasema Miadi, ikasema Foleni. Niliona fahari kidogo. Sikujua kwamba ni Kiswahili cha mtu aliyetafsiri maneno, saa akaziacha vilevile kama zilivyo kwao.

Sasa Jumanne.

Siku nyingine madaktari wetu wa hapa wapo mpaka jioni, mtu akija asubuhi au alasiri ataonwa, lakini wa upasuaji hutoka Nairobi. Huja Jumanne moja kila baada ya wiki mbili, huanza saa tatu asubuhi, na saa saba mchana huwa anashuka ngazi kurudi. Jumanne hii ilikuwa zamu ya Bi Zuhura.

Bi Zuhura anakaa Majengo, na umri wake ni wa mama yangu. Anauza mahamri. Mtoto wa jicho amemfunga jicho la kushoto kabisa, na la kulia limebaki na ukungu. Mwezi uliopita alidhani mafuta yako mbali kuliko yalivyokuwa, akaungua kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko. Tangu hapo yeye hukanda unga tu, na jirani yake, Mwanakombo, ndiye anayekaanga. Ameingoja zamu hii kwa miezi. Kusoma hajui, na hata angejua asingeona, kwa hivyo ujumbe wake huenda kwenye simu ya Mwanakombo, naye humsomea.

Asubuhi ile saa tatu ilifika na mabenchi yako matupu. Watu wawili tu, wote wa kazi za ofisini, walikuwa wamekaa. Nikaanza kupiga simu, kila nambari kurasa tatu, na wa kwanza kupokea, mzee mmoja wa mtaa wa Kuze, akanijibu kwa utulivu kabisa: "Mbona mapema hivi? Si mumesema saa tisa?"

Nikafungua ujumbe tuliowatumia. Miadi yako: Jumanne, saa 9:00. Hakuna asubuhi, hakuna alasiri. Hayo maneno nayo yalirahisishwa.

Kwa waliotengeneza programu ile, tisa ni saa tatu yetu ya asubuhi. Mtu wa hapa akisomewa saa tisa, ni saa tisa, alasiri, watu wameshakula na wameshapumzika. Wale wawili wa ofisini waligundua kwa mazoea ya kazi zao. Hawa wengine hawakukosea kusoma. Walisoma sawasawa na walivyoandikiwa.

Niliwapigia mmoja mmoja nikawaomba waje mbio, na Mungu awalipe, walikuja, mmoja na ndala za bafuni. Wote isipokuwa Bi Zuhura. Simu ya Mwanakombo iliita mpaka ikakatika, nikapiga tena, ikaita ikakatika. Mwanakombo alikuwa Marikiti ananunua nazi na simu iko chini ya mkoba. Nikapanda ghorofa ya juu yetu kwa Bwana Mwakio nikamwomba nichukue tuktuk nikamlete mwenyewe, Majengo si mbali. Akasema, "Ukiondoka, nani atapokea watu?" Nikarudi nikakaa. Nilitii, na mpaka saa hii najiuliza kwa nini.

Saa saba na dakika kumi daktari aliondoka. Saa tisa kasoro robo Bi Zuhura akapanda ngazi.

Alikuwa ameoga, amevaa buibui lake la kutokea, udi unanukia mpaka kwenye meza yangu. Mwanakombo amemshika mkono ule ambao haukuungua. Walifika mapema makusudi, ili wasimweke daktari. Nikawaambia. Sijui niliwaambiaje. Bi Zuhura hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeona afadhali. Aligeuza kichwa kidogo, kama afanyavyo ili anipate na lile jicho lililobaki.

"Mwanangu, mimi sikuchelewa," akasema. "Mumenambia saa tisa, na saa tisa hino haijapiga."

"Ni kweli, Bi. Hukuchelewa."

"Basi daktari yu wapi?"

Aliteremka taratibu, akakaa kwenye baraza la mawe hapo nje mpaka Mwanakombo akapata tuktuk. Mimi nilibaki juu na watu wangu wa macho mekundu, naandika majina.

Sasa ungamo, maana ukurasa huu niliufungua nisije nikajidanganya.

Ile wiki ya kwanza Otieno alinitumia ujumbe wa majaribio kwenye simu yangu. Jumanne, saa 9:00. Niliuona, na papo hapo nikajua una kasoro. Na sikusema. Nilikuwa nimenuna. Nilijiambia, si mumeking'oa kibaraza changu bila kuniuliza? Basi na hili mtaliona wenyewe. Nilitaka programu yao iwaaibishe mbele ya watu. Nilikaa na siri yangu ile kwa raha kabisa, nikiingoja siku yao. Siku ilipokuja haikuwafika wao, ilimfika Bi Zuhura.

Hilo ndilo kosa langu. Nalijua na linaniuma. Lakini silo wanalotaka nilitie sahihi.

Wanalotaka ni hili. Kila jioni karani wa mapokezi hubonyeza Funga Siku. Programu inamletea watu wote wa siku ile, na kila mmoja amchagulie moja kati ya mawili: Amefika au Hakufika. Nikimwandikia Bi Zuhura Amefika, itahesabu kwamba jicho limeshafanyiwa kazi, na jina lake litatoka kwenye orodha. Nikimwandikia Hakufika, itampeleka yenyewe nyuma ya watu wote, na huko nyuma kwa sasa ni baada ya Ramadhani. Hakuna la tatu. Jioni ya Jumanne mkono wangu ulikwenda wenyewe pale Letu ilipokuwa zamani, ukakuta weupe.

Daktari mwenyewe aliandika kwenye faili la Bi Zuhura kwamba asicheleweshwe. Nimeliona kwa macho yangu, kwa wino wa buluu. Baada ya Ramadhani huenda hata huo ukungu wa jicho la kulia hautakuwepo. Kutakuwa na giza tu. Na sababu itakayobaki imeandikwa ni neno moja, Hakufika, na chini yake jina langu.

Sikubonyeza.

Na kumbe siku isipofungwa na karani kwa jina lake mwenyewe haifungiki. Kwa programu yao, leo Ijumaa, Jumanne bado inaendelea. Pamejitokeza mstari mwekundu juu ya skrini: Siku ya Jumanne haijafungwa. Unakaa pale kutwa, hauondoki kwa lolote. Ndicho kitu pekee kwenye sura mpya ambacho nimekiweka mimi, na nimeanza kukipenda.

Bwana Mwakio hakukipenda. Ripoti ya mwezi haitoki siku ikiwa wazi, na wafadhili wanaingoja. Jumatano alikuja kwa upole, Bi Rukia hivi, Bi Rukia vile, wewe ndiye mkongwe wetu. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka chai ikapoa. Jana upole uliisha. Alisimama mbele ya meza yangu, wagonjwa wanasikia, akasema mimi napinga kila kipya na kwamba wakati umenipita.

Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia, "Bwana Mwakio, nitafutie kitufe kinachosema huyu mama alifika kwa saa tuliyomwandikia. Nikikiona nabonyeza sasa hivi, mbele yako."

Mama mmoja kwenye benchi alikohoa kikohozi cha kunikubali. Bwana Mwakio akapanda zake juu.

Wakati umenipita, eti. Ni nani aliyemfundisha yeye kutuma picha za mafaili kwa simu? Ni nani aliyeiomba kliniki iache daftari lile la kurarukararuka tukaingia kwenye kompyuta? Kipya sikipingi. Ninachokataa ni mtu kuja kwenye meza yangu, atoe vitu ambavyo hajui kazi yake, kisha anitake nishukuru kwa sababu sasa pamekuwa peupe. Rahisi, rahisi. Rahisi kwa nani? Kwa aliyeitengeneza ni rahisi. Kwa Bwana Mwakio ni rahisi, haigusi. Bi Zuhura kwa urahisi huo alioga, akatia udi, akapanda ngazi akiongozwa mkono, akaambiwa ageuke.

Kile kibaraza kilionekana uchafu kwao. Vitufe vingi, rangi nyingi, majina ya kihuni. Lakini kila kilichokuwepo pale kilikuwepo kwa sababu kuna siku mtu aliumia au alikaribia kuumia, nami nikasema hili lisirudi tena. Hiyo Letu niliiweka baada ya baba mmoja kupoteza zamu kwa sababu sisi tulipoteza faili lake. Hakuna aliyeiona kazi hiyo nikiifanya, kwa hivyo hakuna aliyejua kwamba ameifuta.

Leo saa nne Otieno alikuja kuangalia huo mstari mwekundu, ametumwa. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikamuuliza, kwa upole tu, "Otieno, chai yenu huko juu mnakunywa saa ngapi?"

"Saa nne, Bi Rukia. Kama kila siku."

Nikamgeuzia skrini. "Na hapa inasemaje?"

Akatazama. Ilisema saa 10:00. Otieno ni mtu wa bara, mama yake yuko Kisumu, na mama yake naye akimwambia saa kumi anamaanisha alasiri. Nilimwona akihesabu kichwani. Akakiweka kikombe chini, akaniomba nimwonyeshe ujumbe wa Bi Zuhura, akausoma kwa sauti ndogo, tisa, akaurudia, tisa. Kisha akasema alishawahi kuwaandikia waliotuuzia programu kuhusu kurudisha kibaraza, wakamjibu sehemu hiyo imefungwa kwa kila mtu. Lakini hili la saa yeye mwenyewe hakuliona. Alisema, "Mimi nilikuwa naisoma kwa Kiingereza, Bi Rukia." Nilimshukuru kwa kusema hivyo, na nikamwambia na langu, kwamba mimi niliuona ule ujumbe wake wa majaribio nikanyamaza. Akasema siku ya kikao na yeye atakuwepo, na atasema alichokiona.

Kikao chenyewe nilikuwa sijakijua. Otieno alijua kabla yangu. Bahasha ilinifikia wakati natoka.

Sasa hii barua. Inasema naitwa kujieleza kuhusu uzembe wa karani wa mapokezi uliosababisha mgonjwa kukosa miadi, na kuhusu kukaidi amri ya kufunga siku. Inasema nikiendelea nitahamishiwa stoo ya miwani na atawekwa mwingine wa kubonyeza. Hapo niliogopa, sifichi. Stoo haina hata dirisha. Kazi hii ndiyo niliyosomeshea wanangu wawili, na mapokezi ndiyo mahali pekee pale kliniki ambapo mtu hujua kwamba nipo.

Halafu nikafika mstari wa mwisho. Barua imetolewa na programu ileile, kwa Kiswahili chake kilekile.

Kikao: Jumatatu, saa 8:00.

Ndipo nilipoanza kucheka, pale pale barabarani, mpaka muuza kahawa akanitazama.

Bwana Mwakio anataka niwepo asubuhi, saa mbili. Mimi nimeandikiwa saa nane. Basi Jumatatu asubuhi nitakuwa chini kwenye meza yangu kama kawaida, napokea watu. Wakinipigia simu kutoka juu, nitasema bado ni mapema. Bwana Mwakio akishuka na hasira zake, nitamwonyesha barua mbele ya wagonjwa na kumuuliza anaisoma vipi. Atalazimika kusema kwa mdomo wake kwamba nane hapa si nane, ni mbili, na kwamba kila mtu angejua. Nami nitamuuliza yeye, Bi Zuhura naye angejuaje. Akitaka kuniandikia Hakufika, aniandikie. Kama mimi sikukosa, basi na Bi Zuhura hakukosa, na mahali pake kwenye orodha ni palepale. Akisema nilikosa, atanieleza mbele ya watu nilikosa wapi.

Na saa nane kamili nitapanda na langu pia. Nitawaambia niliuona ujumbe nikanyamaza. Hilo nitalitia sahihi bila kusukumwa. Wakitaka kunipeleka stoo kwa hilo, nitakwenda. Kwa neno Hakufika, siendi na sibonyezi.

Tangu Jumatano, sikusema hapo juu, kila mgonjwa nampigia simu mimi mwenyewe na kumwambia saa yake kwa mdomo. Sauti imeanza kukauka. Sijali.

Nilipotoka kliniki sikuja nyumbani moja kwa moja. Nilipitia Majengo. Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye mkeka anakanda unga, mkono wenye kovu umekunjwa kando, anatumia mmoja tu. Nilimsalimu, akanijua kwa sauti. Nikakaa, nikamweleza yote, programu, orodha, barua. Nikamwambia na lile la kunyamaza kwangu, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kustahili kuambiwa, kabla ya kikao chochote. Nilikuwa nimeinamisha kichwa ingawa hanioni vizuri.

Aliugeuza unga, akaukanda tena.

"Ulinuna," akasema.

"Nilinuna, Bi."

"Basi usinune tena. Ukiona jambo, sema."

Nikamwambia nitasema. Nikamwomba na yeye aje siku hiyo, aketi pale juu karibu nami, wamwone huyo wanayetaka aandikwe kwamba hakufika. Nikamwambia, Jumatatu, saa nane.

Mkono wake ukasimama ndani ya unga. Akageuza kichwa, akanitafuta na lile jicho.

"Saa nane ipi, mwanangu?"

"Yetu, Bi," nikamwambia. "Saa nane yetu."